Uzi: Nilivyofundisha ufahamu kwa kesi ya kuuawa kwa Ramesses III (ni mrefu, kaeni mkao wa kula)

ChakiMfukoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niliahidi uzi huu tangu muhula uliopita. Leo umeme upo na watoto wamelala, wacha niumalize.

Nafundisha Kiswahili darasa la sita, shule ya msingi ya serikali. Mikondo miwili, mkondo wangu mkubwa una watoto 84. Aliyewahi kusahihisha ufahamu anaujua ugonjwa huu: unawapa kifungu cha habari, mkulima kauza ng'ombe ili alipe deni la pembejeo. Limeandikwa wazi, sentensi ya tatu. Unauliza kwa nini aliuza ng'ombe, na nusu ya darasa wanakuandikia "ili awalipie watoto ada". Kusoma wanajua. Ukimsimamisha mtoto anakusomea kwa sauti, mkato na nukta anazizingatia. Ila likija swali, kifungu anakiacha mezani na kujibu kwa anayoyajua yeye kuhusu wakulima na ng'ombe.

Mwaka jana nikaamua kuutega ugonjwa huo. Nikauliza: nani anamjua Firauni? Mikono yote juu, wa madrasa na wa Sunday school. Nikawagawia aya moja inayosema Ramesses III alikuwa mfalme wa Misri, alitawala miaka 31, akafa mnamo mwaka 1155 KK, na baada yake wakashtakiwa watu wengi wa nyumbani kwake. Swali: aya hii inasema mfalme alikufaje?

Zaidi ya nusu waliandika alizama baharini akimfukuza Musa.

Aya haina bahari. Haina Musa. Nikawaambia kila mmoja aweke kidole kwenye neno "bahari". Vidole vikatembea, vikatembea, vikakwama. Kimya kile sitakisahau. Mtoto mmoja akajitetea vizuri kweli, akasema mwalimu, hata mumia (maiti iliyokaushwa isioze) ni ushahidi, Sura ya Yunus inasema mwili wake uliokolewa. Nikamwambia hilo ni jibu kutoka kitabu kingine, na kitabu chenyewe ni kikubwa, lakini leo tunaulizwa kuhusu karatasi hii. Akaelewa. Kuanzia hapo darasani kwangu kuna majibu ya aina mbili, "jibu la kichwani" na "jibu la mstarini". Wamezipa majina wenyewe.

Sasa kesi yenyewe. Kuna hati ya mafunjo iko kwenye jumba la makumbusho la Misri mjini Turin, Italia. Ni kumbukumbu ya mahakama. Mke mmoja wa mfalme, Tiye, alitaka mwanawe Pentawer arithi kiti badala ya mrithi aliyetarajiwa. Wakaingia watumishi, maafisa, jemadari, hata wake wa walinzi wa lango. Uzuri wa hati hii kwa mwalimu wa ufahamu ni kwamba inaficha. Inataja makosa na adhabu, lakini haisemi kama mfalme aliuawa au aliponea chupuchupu. Msomaji lazima afanye kazi.

Nimeiandika upya kwa Kiswahili chepesi, nikaigawa bahasha sita. Hufungui bahasha ya pili kabla kundi halijajibu ya kwanza. Na sheria ni moja: ukimtuhumu mtu, weka kidole mstarini. Huna mstari, kaa chini.

Bahasha ya 1 ni mtego mwingine. Inaeleza mwaka wa 29 wa utawala wake, wachongaji wa makaburi ya wafalme, kijiji ambacho leo kinaitwa Deir el-Medina, walipoweka chini zana kwa sababu posho yao ya nafaka imechelewa. Walitoka kijijini wakaenda kuketi kwenye mahekalu wakidai haki yao. Nikauliza: nani muuaji? Darasa zima likawafunga wachongaji. (Baba wa mtoto mmoja darasani yuko kwenye mradi ambao haujalipa miezi mitatu. Yeye peke yake aliwatetea.) Nikasema haya, vidole mstarini: wapi wamemgusa mfalme? Hakuna. Kuwa na hasira si kuua. Hapo ndipo walipoanza kurudia kusoma bila mimi kuwaambia, na hilo sijawahi kuliona kwa mkulima na ng'ombe.

Bahasha ya 2: mtumishi wa chumba cha mfalme, Pebekkamen, anatoa maneno ya wanawake wa ndani (wa nyumba ya wake za mfalme) kuyapeleka kwa mama zao na ndugu zao walio nje, wawachochee watu waasi. Mwanamke mwingine anamwandikia kaka yake, kamanda wa wapiga mishale huko Nubia, nchi ya kusini mwa Misri, kwamba aje na vita. Kazi yao ni kuchora mishale: nani kamwambia nani. Hapa nilitumia vipindi viwili na sijuti, maana viwakilishi ndipo vinapowaua watoto wetu. "Akampelekea maneno yao." Nani akampelekea nani, maneno ya nani? Mtoto aliyezoea kuruka viambishi anachora mshale kinyume, na kundi zima linamzomea.

Bahasha ya 3 ndiyo niipendayo. Ni orodha ya majina ya washtakiwa na maana zake. Mmoja anaitwa Mesedsure, maana yake "Ra anamchukia" (Ra ni mungu jua wa Wamisri). Yule kamanda wa Nubia anaitwa Binemwese, "mwovu katika Thebes" (mji mkubwa wa Misri ya kale). Na kuhusu Pentawer hati inasema ni yule "aliyeitwa kwa lile jina lingine". Swali: mzazi gani humpa mwanawe jina kama hilo? Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mwaka mzima hajanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, hili si jina, hili ni tusi. Wamebadilishiwa." Nilikaa kwenye kiti. Wataalamu wanasoma hivyo hivyo: jina halisi la Mesedsure huenda lilikuwa na maana ya "Ra anampenda", mahakama ikaligeuza ili hata jina lake lisibaki salama.

Bahasha ya 4: majaji. Mfalme aliteua watu 12 kusikiliza kesi. Katikati ya kesi baadhi yao wakaketi kunywa pombe na wanawake walioshtakiwa pamoja na jemadari mshtakiwa. Majaji hao wakakatwa pua na masikio. Mmoja wao, baada ya adhabu hiyo, alijiua. Swali langu: je, hukumu zilizotangulia bado unaziamini? Taja mstari unaokupa shaka. (Watoto wa mjini hawashangai hakimu kula na mshtakiwa. Wanashangaa kwamba aliadhibiwa.)

Ya 5 na ya 6 nitaweka chini, simu inaishiwa chaji.

NatiaNanga

Nimeweka kambi hapa. Mkuu chaji hiyo simu haraka.

TichaMkali

Uzi mzuri kwa kusoma, lakini tuseme ukweli. Kipindi ni dakika 40. Watoto 84. Silabasi haikungoji. Mtihani wa taifa utampa kifungu na maswali ya kuchagua, hakuna bahasha wala Mesedsure. Na karatasi nani analipa? Walimu wa shule za binafsi ndio wenye raha ya kucheza sinema darasani.

ChakiMfukoni

TichaMkali, niko serikalini kama wewe. Makundi 12 ya watoto saba saba, nakala moja kwa kundi, bahasha sita: karatasi 72. Fotokopi kwetu ni shilingi 100, yaani 7,200 kwa kesi nzima, na mkondo wa pili wakatumia karatasi hizo hizo. Kundi la watoto saba ni kubwa, ninakubali. Mmoja anasoma kwa sauti, mmoja ni karani, mmoja ndiye "kidole", wengine mawakili. Wawili lazima walale. Hao sijawapatia dawa.

Kuhusu mtihani: maswali ya kuchagua ndiyo hasa yanayomnasa mwenye jibu la kichwani. Anayetunga anaweka chaguo moja ambalo ni kweli duniani lakini halimo kwenye kifungu. "Ili awalipie watoto ada" ndiyo ile.

Haya, bahasha ya 5. Ni maneno ambayo hati inayaweka mdomoni mwa mfalme mwenyewe anapowapa majaji kazi. Anasema waliyoyatenda yawaangukie vichwani mwao, yeye amelindwa milele, kwa sababu yuko miongoni mwa wafalme wenye haki walio mbele ya Amun-Ra na mbele ya Osiris. Swali moja tu: wakati anasema haya, mfalme yuko wapi?

Bahasha ya 6: mumia yake ilipatikana mwaka 1881 kwenye maficho ya Deir el-Bahari, ng'ambo ya Luxor, ikafunguliwa vitambaa mwaka 1886. Lakini vitambaa vinene vya shingoni vilibaki. Zaidi ya miaka 120 watu wakaitazama bila kujua. Mwaka 2012 watafiti wakachapisha majibu ya kipimo cha CT (picha za ndani ya mwili): chini ya vitambaa hivyo koo limekatwa hadi mfupani, na ndani ya jeraha watengeneza mumia walikuwa wameingiza hirizi ya Jicho la Horus, mmoja wa miungu yao, kama ya kumponya huko aendako. Nilipoisoma hii, darasa la watoto 84 lilinyamaza kama msikitini.

MsomajiWaPembeni

Hongera, lakini bahasha ya 5 ina tatizo. Mtoto hawezi kung'amua kwamba mfalme amekufa kama hajui Osiris ni nani. Hapo hupimi ufahamu, unapima kama mtu ameshasikia habari za miungu ya Misri. Mtoto wa msomi atajibu, mtoto wa muuza mkaa atakwama, halafu tutasema huyu hajui kusoma.

ChakiMfukoni

Umegonga palepale, na mkondo wa kwanza ulinidhihirishia hivyo. Hakuna hata kundi moja lililojibu. Wakaandika "yuko ikulu", "yuko mbele ya wageni". Niliwakasirikia, kisha usiku nikaisoma karatasi yangu kama mtoto na nikaona kosa ni langu. Kwa mkondo wa pili niliongeza sentensi mbili kwenye bahasha ya 1, mbali kabisa: kwamba Wamisri waliamini Osiris ndiye bwana wa wafu, na mfalme akifa huenda kukaa naye. Sikuwakumbusha. Makundi matano kati ya 12 yalirudi bahasha ya 1 kuitafuta. Mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, maiti inatoa amri!"

Kwa hiyo ndiyo, maarifa kwanza. Ila yawekwe ndani ya karatasi, asiyeyajua ayakute humo. Siku hizi kila kifungu ninachotunga nakikagua hivyo: je, majibu yote yamo, au mengine nimeyaacha kichwani mwangu mimi mwalimu? Nimegundua nami ninao ugonjwa uleule.

UstadhMdogo

Nyongeza ndogo kwa faida ya watoto: Firauni ni lakabu ya wafalme wa Misri, si jina la mtu mmoja. Ukiwaambia hivyo mapema utapunguza kuzama baharini.

ChakiMfukoni

Shukrani ustadhi. Ila siwaambii mapema. Nawaacha wazame kwanza.

BintiWaShangani

Mimi si mwalimu, niko Unguja, nimepita tu. Hii ya wanawake wa ndani kutoa maneno kwa siri kwenda nje imenikumbusha ya kwetu. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua kaka yake Sultan Majid, dada zake Khole na Salme walikuwa upande wake, na Salme ndiye aliyekuwa karani wa mambo yale, barua anaandika yeye. Na kuandika alijifundisha mwenyewe kwa kificho, maana wasichana walifundishwa kusoma tu. Alikuwa akiziiga herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Nyumba ilipozingirwa, Barghash alitolewa amevishwa nguo za kike. Jaribio lilishindwa, akapelekwa Bombay, lakini mwaka 1870 akaja kutawala. Pentawer hakupata bahati hiyo.

Kama unataka kesi ya pili karibu na nyumbani, hiyo ipo, tena mshtakiwa aliandika kumbukumbu zake mwenyewe.

ChakiMfukoni

Dada, umenipa zawadi. Na mle unauliza swali tamu: shahidi akiwa mshtakiwa, utamwamini mstari upi?

MamaMathayo

Samahani mkuu, hakukuwa na mzazi aliyelalamika? Kwangu ningeandika neno "miungu" tu, kesho nina barua.

ChakiMfukoni

Alikuwepo. Awali nilikuwa na bahasha ya saba, kutoka mabaki mengine ya kesi hiyohiyo, yanayosema washtakiwa walitengeneza sanamu za nta na kutumia maandishi ya uchawi ili kuwalegeza walinzi. Watoto walifurahi kupita kiasi. Mzazi mmoja akaja na daftari la mwanawe: "Mnafundisha ndumba?" Tukazungumza na mwalimu mkuu, nikaitoa. Sikuona sababu ya kugombana. Ila nilisikitika, maana lilikuwa swali zuri la kutenganisha "hati inasema walifanya hivi" na "hati inasema ilifanya kazi". Watoto walikuwa wamelielewa.

MwalimuKilifi

Salamu kutoka Kilifi. Nimeisoma juzi na nikaijaribu na gredi ya sita, bahasha tatu pekee kwa vile nilikuwa na muda mfupi. Msamiati uliwatatiza mwanzoni. "Mnyweshaji wa mfalme" ilizua kicheko, wakadhani ni wa kunywesha ng'ombe. Nikaandika "mtumishi anayempa mfalme kinywaji" na mambo yakaenda.

Lakini nina swali. Wanafunzi wangu wamekata shauri kwamba Pentawer ndiye aliyemkata babake koo. Wamechora hata picha. Nilisahihishe vipi bila kuwavunja moyo?

ChakiMfukoni

Mwalimu hongera sana, na usilisahihishe wewe. Waambie tu: kidole. Hati inasema Pentawer alishirikiana na mama yake walipopanga maneno na wanawake, akapatikana na hatia, wakamwacha alipo, akajitoa uhai. Haisemi alishika kisu. Kipimo cha 2012 kinasema koo lilikatwa, hakisemi na nani. Ukiziunganisha hati na shingo unapata kwamba njama ilikuwepo na mfalme alikatwa koo. Jina la mwenye kisu halipo popote. Wanangu walilia kabisa, "Mwalimu, sasa jibu ni nani?" Nikawaambia jibu kamili la swali hilo ni "hati haisemi", na nikawapa alama zote mbili walioandika hivyo. Kuna mtoto alihisi ameibiwa.

Ukitaka kuwaongezea, ipo mumia ya kijana iliyokutwa kwenye maficho yaleyale, imefunikwa ngozi ya mbuzi badala ya kitani safi, mikono na miguu ilikuwa imefungwa, mdomo wazi kama anayepiga kelele. Vipimo vya vinasaba vilionyesha huenda ni mtoto wa Ramesses III. Wengi wanadhani ni Pentawer. Sisitiza hilo "huenda" kwa rangi nyekundu. Darasani kwangu "huenda", "yasemekana" na "inaonekana" zina ukuta wake, zimeandikwa kwenye manila.

TichaMkali

Nimerudi. Sikubali yote, lakini Alhamisi nilijaribu ile ya kidole kwa kifungu cha kawaida cha kwenye kitabu, habari za nyuki. Bila bahasha, bila Misri. Swali la nne nusu ya darasa hawakupata pa kuweka kidole. Nikakiangalia na mimi. Jibu halimo kwenye kifungu. Miaka sita nafundisha kifungu kile na kila mwaka nawapa vyema wanaoandika jibu nililozoea.

ChakiMfukoni

Karibu chama, mkuu.

NatiaNanga

Na huyo Tiye je? Mama mwenye kesi. Alinyongwa?

ChakiMfukoni

Kwenye sehemu ya hati iliyobaki hukumu yake haimo. Kila mkondo kuna mtoto wa kuuliza hilo, na huwa ni kipindi cha mwisho, kengele inagonga.

Muhula ujao nataka kuwapa wezi wa makaburi, mwaka wa 16 wa Ramesses IX. Mchonga mawe, Amenpanufer, anakiri jinsi yeye na wenzake walivyovunja kaburi la mfalme Sobekemsaf na la malkia wake, wakachukua dhahabu mwilini na kuchoma majeneza. Kisha anasema alikamatwa, akampa karani wa mtaa fungu lake, deben 20 za dhahabu, kama kilo moja na robo tatu hivi kwa vipimo vyetu, akaachiwa, akarudi kwa wenzake nao wakamfidia. Hati yenyewe ilikuwa nusu tu, nusu ya chini. Nusu ya juu ilionekana mwaka 1935 mjini Brussels, imefichwa ndani ya sanamu ya mbao. Kwa hiyo darasani nitaikata karatasi vipande viwili, wasome cha chini kwanza, waandike wanadhani juu kulikuwa na nini.

Nimekwama kwenye sanamu tu. Fundi seremala wa hapa ananidai elfu kumi na tano kutoboa gogo moja. Mwenye wazo la bei nafuu aseme.

MamaMathayo

Boga mkuu. Toboa boga.